Ile dokumentari ya uhuru wa dini utaiona wapi ukiwa Lubumbashi

Swali ilitoka kwa binti mmoja wa Katuba, naiweka hapa kwa kifupi: "Jambo Papa Prof. Niko nasimamia vijana wa kanisa yetu. Siku moja kwa televizioni niliona kipande cha dokumentari ya Kimarekani, watu wa zamani na wigi nyeupe kichwani, wanabishana kama serikali iko na haki ya kuchagulia watu dini, walitaja sana jina ya Jefferson, halafu umeme ukakatika. Kwenye jina ya filamu nilikamata tu neno 'Freedom'. Nimeitafuta kwa YouTube mpaka nimechoka, fasi ingine wananiambia video haipatikani katika nchi yangu. Nataka vijana waione. Nitaipata wapi, na kwa njia ya haki?"

Jambo sana mwanangu. Aksanti kwa swali, na zaidi aksanti kwa ile neno ya mwisho, "kwa njia ya haki", juu watu wengi wananiomba filamu lakini haki ya filamu hawaiulizi kabisa. Nimefundisha historia miaka mingi hapa mjini, na nimeonyesha madokumentari kwa vijana kwenye mitaa mbalimbali, kwa hiyo nitakujibu polepole, ukae chini, ni ndefu.

Alama zenye umenipa zinanipeleka kwa filamu mbili. Ya kwanza, na njo yenye naiamini zaidi, ni First Freedom: The Fight for Religious Liberty, ya Lee Groberg, ilipita kwenye PBS mwezi wa kumi na mbili 2012. PBS ni televizioni ya Marekani yenye haitafuti faida, ni muungano wa vituo vingi vya kule kwao. Ya pili ni God in America, ya PBS pia, ya 2010, ile ni ndefu sana, saa sita kwa jumla, imegawanywa vipande. Kuzitofautisha si kazi: kama kwenye kile kipande uliona pia Lincoln, vita ya kuwakomboa watumwa, ao mhubiri Billy Graham na uwanja umejaa watu, basi ni ile ndefu. Kama ni wigi tu, Washington, Jefferson, Madison, wale waanzilishi wa Marekani, na mambo ya mwanzo ya nchi yao, ni ya Groberg. Ufunge macho ukumbuke vizuri mbele ya kuanza kutafuta, juu mtu mwenye hajui jina kamili, mwaka na mwenye alitengeneza, anatembea sokoni bila kujua anauza ao ananunua. Ukiandika "freedom" peke yake kwa YouTube utaletewa mahubiri, nyimbo, na video za siasa mpaka asubuhi. Andika jina yote, ongeza mwaka, ongeza jina ya Groberg.

Sasa kwa nini wanakuambia haipatikani katika nchi yako? Si kosa ya telefone yako na si kwamba kuna mtu anakuchukia. Kila filamu iko na wenyewe, na wenyewe wanauza ruhusa ya kuionyesha nchi kwa nchi na muda kwa muda. Ile televizioni ilipata ruhusa ya Marekani, haikununua ya Congo, kwa hiyo mashine yao inasoma namba ya intaneti yako, inaona uko RDC, inafunga mlango. Muda ya ruhusa ikiisha hata Mmarekani mwenyewe haioni tena kwenye tovuti yao. Njo maana filamu ya 2012 unaweza kuiona leo fasi fulani na mwezi ujao haiko. Watu watakuambia weka VPN, ni programu ya kujifanya uko nchi ingine. Mi kwa kundi ya kanisa sikushauri. Unaanza somo ya haki kwa kuingilia dirisha, na tena mega zitaisha haraka na picha itakuwa inasimama-simama.

Na zile video zenye zimewekwa na watu wasiojulikana, utazitambua: picha imegeuzwa kushoto kulia, sauti imekuwa nyembamba kama ya mtoto, ao picha imewekwa ndani ya fremu ndogo na maua kandokando. Wanafanya vile ili mashine ya YouTube isitambue filamu. Mara nyingi wamekata mwanzo na mwisho, na kwenye historia mwanzo na mwisho njo kwenye kuna maelezo ya mambo yote. Ukiona chaneli, fungua uangalie ni ya nani, iko na video gani zingine, inataja wenye filamu ao hapana. Vilevile wale vijana wenye vibanda vya kujaza filamu kwenye flashi, unawapa franka wanakuwekea filamu kumi, hawana ile, naweza kukuhakikishia, wao wako na za vita na za Kinijeria. Usipoteze siku kwao.

Njia ya DVD bado ipo, na kwa ma-dokumentari ya aina hii njo njia ya kweli zaidi. Lakini hapa unisikilize vizuri juu ilinipata mimi mwenyewe. DVD ya duka imegawanywa kwa zone. Marekani na Canada ni zone 1, Ulaya ya magharibi ni zone 2, Afrika karibu yote pamoja na sisi ni zone 5. Mashine ya DVD yenye imefungwa kwa zone ingine haisomi ile disk hata uisafishe na sabuni. Mwaka 2014 shemeji yangu wa Bruxelles alinitafutia hii filamu ya Groberg, disk ya Kimarekani, akanitumia na msafiri. Nikaalika watu karibu arobaini kwa uwanja wa nyuma ya nyumba moja ya Kamalondo. Shuka nyeupe imepigiliwa ukutani, bafle mbili juu ya viti, jenereta inalia kule kwa choo ili isisumbue, wamama wamekalia vitenge, watoto mbele. Naingiza disk. Mashine inaizungusha, inaizungusha, inaitema nje. Narudisha. Inaitema tena. Kwenye shuka kulibaki mstari moja ya maandishi ya kosa ya zone, nyeupe juu ya bluu, na watu wote wananiangalia.

Njia ya kutokea iko, na siku ile sikuijua: ukitumia ordinatere yenye iko na fasi ya disk, unaweza kubadilisha zone ndani ya mipangilio yake. Lakini ni mara tano tu, kisha ya tano inajifunga kwa zone ya mwisho. Kwa hiyo usichezee. Tafuta ordinatere moja ya zamani ya kikundi, uiweke zone 1, uiache hivyo kwa ajili ya disk za Marekani. Iko pia mashine za DVD zenye zinasoma zone zote, mbele ya kulipa ubebe disk yako ya kigeni ujaribishie pale pale mbele ya mwenye duka.

Basi ile usiku Kamalondo nilifanya nini. Watu walikuwa wamekuja, siwezi kuwarudisha. Nikazima mashine nikaisimulia kwa mdomo. Niliwaambia juu ya Roger Williams, mchungaji wa Massachusetts, 1635 wenzake walimhukumu kufukuzwa juu alisema serikali haina kazi ya kuingia kwenye dhamiri ya mtu, akatembea kwenye theluji, 1636 akaanzisha Providence, fasi yenye kila mtu anaabudu vile anavyoamini. Nikawaambia juu ya Mary Dyer, Mkweka, ni mtu wa dini ya Quaker, walimfukuza Boston akarudi, wakamfukuza akarudi, tarehe 1 mwezi wa sita 1660 wakamnyonga. Wenye walimnyonga walikuwa Wakristo, wenye wazazi wao walikimbia Uingereza juu ya kuteswa kwa dini. Hapo watu walinyamaza kabisa. Nikaendelea na wahubiri wa Kibaptisti wa Virginia, wenye walitiwa gerezani juu ya kuhubiri bila ruhusa ya kanisa ya serikali, na wengine wakahubiria watu wakiwa dirishani mwa gereza. Madison aliona ile mambo akiwa kijana, hakuisahau. Jefferson aliandika sheria ya uhuru wa dini ya Virginia 1777, ikakaa miaka mingi mezani, Madison akaipiganisha mpaka ikapita mwezi wa kwanza 1786, na 1791 ile wazo ikaingia kwenye marekebisho ya kwanza ya katiba yao.

Nilipofika pale, mama mmoja mzee akasimama. Alisema hivi, maneno yake niliandika usiku ile ile (Kitawala ni dini yenye Wabeleji waliibana, nitairudilia): "Baba yangu balimupeleka mbali juu ya Kitawala, wakati ya Babeleji. Tulimungojea miaka. Mi tangu utoto nilizania aliiba kitu. Kumbe ilikuwa dini?" Akakaa. Hakuna mtu alisema kitu, jenereta tu.

Tangu ile siku, mwanangu, nabadilisha jibu yangu kila mtu akiniuliza filamu ya namna hii. Ile ya Marekani uitafute, ni nzuri, ni ya kujifunza, lakini usiwafungie vijana mlango wakidhani uhuru wa dini ni mambo ya watu wa wigi. Hii mji yenye tunakanyaga iko na historia yake.

Uwaulize vijana wako: Simon Kimbangu alikufia wapi? Wengi watasema Nkamba, kijiji yake. Hapana. Alikufia hapa, Elisabethville, tarehe 12 mwezi wa kumi 1951. Alikuwa amebatizwa na Wabaptisti wa Uingereza 1915, yani watu wa ukoo ule ule wa imani na wale wa gereza za Virginia. Mwezi wa nne 1921 alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa kule Nkamba, watu wakaacha kazi wakaenda kwa maelfu, serikali ya Wabeleji ikaogopa. Alihubiri miezi tano tu. Mwezi wa kenda akajitoa mwenyewe, baraza ya kijeshi ya Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu ya leo, ikamhukumu tarehe 3 mwezi wa kumi: viboko 120, kisha kifo. Wakili hakupewa. Mfalme Albert I akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha, wakamleta ngambo ingine ya nchi, kwetu huku, akakaa gerezani miaka 30 mpaka kufa. Kanisa yake ilitambuliwa na serikali tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili 1959, mwaka uliofuata maiti yake ikarudishwa Nkamba, na 1969 ikaingia kwenye Baraza ya Makanisa Ulimwenguni. Tangu 2023 tarehe 6 mwezi wa nne ni siku ya mapumziko nchini juu yake, watu wanalala nyumbani siku ile na hawajui kwamba yule mtu alimaliza maisha hapa.

Kitu chenye kinaniumiza zaidi ni hiki. Mkataba wa Berlin wa 1885, ule wa wakati mataifa yalimkubalia Leopold, mfalme wa Wabeleji, hii nchi yetu, kifungu cha 6 kinasema wazi kwamba uhuru wa dhamiri na uvumilivu wa dini vinahakikishwa kwa wenyeji na kwa wageni vilevile. Wenyeji, iliandikwa. Yani miaka 36 mbele ya Kimbangu kuhukumiwa, karatasi ilikuwa tayari. Weka ile kifungu mbele ya vijana kisha uwaonyeshe hukumu ya Thysville, utaona mjadala wenyewe unawaka.

Lakini uwe mkweli nao pia. Usiwaambie kila mtu aliyefungwa juu ya dini alikuwa bila kosa. Huku kwetu Katanga, 1925, alipita mtu moja, Tomo Nyirenda, alijiita Mwana Lesa, alitoka kwa mafundisho ya Watch Tower, shirika ya Mashahidi wa Yehova, kwenye neno "Kitawala" lilitokea. Alibatiza watu kwa kuwazamisha majini, wenye aliwaita wachawi wakafa, upande wa Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, na upande wetu. Waingereza walimnyonga 1926. Na Wabeleji wakachukua ile damu kuwa sababu ya kuwabana Wakitawala wote, hata baba wa yule mama wa Kamalondo mwenye pengine kazi yake ilikuwa kuimba na kusoma Biblia. Uhuru unaishia wapi, na nani anaamua? Hiyo swali filamu ya Marekani haitakujibia.

Sasa turudi kwa fasi za kupata filamu, juu najua unangoja.

Kwa Kifaransa, anza na TV5MONDEplus, ni bure, ilifunguliwa 2020, inafunguka hapa kwetu bila matatizo, iko na madokumentari ya historia yenye yanabadilika kila mara, kwa hiyo pita pale kila wiki moja utafute "religion", "laïcité", "protestants", "foi". Kisha Arte, televizioni ya Wafaransa na Wajerumani, tovuti yao ni bure, vipindi vingine vinafungwa kwa nchi zetu na vingine vinaachwa wazi, na chaneli yao ya YouTube inaweka madokumentari mazima. Kule utapata mambo ya Ulaya: Luther, amri ya Nantes ya 1598 yenye iliwapa Waprotestanti wa Ufaransa nafasi ya kupumua na yenye Louis XIV aliifuta 1685. Mega: ukiangalia kwa 360p, saa moja inakula karibu mega 300 mpaka 400, ukiacha telefone ichague yenyewe inaweza kula giga nzima. Weka 360p kwa mkono, na utumie forfe ya usiku.

Juu ya Mashahidi wa Yehova, walitengeneza 1996 dokumentari kuhusu wenzao kwenye makambi ya Hitler, wale wenye walishonewa pembetatu ya zambarau kifuani juu walikataa kumsalimu Hitler na kukataa jeshi. Tafuta kwenye jw.org, video zao wanazitoa bure na wana sehemu ya Kiswahili cha Congo, Kiswahili yetu hii hii. Ni filamu ya wenyewe kujisemea, uwaambie vijana vile, ni ushuhuda. Na uongeze kipande cha kwetu: Mobutu aliwapiga marufuku 1986, na Mahakama Kuu ikaifuta ile amri 1993, akiwa bado madarakani. Hakimu wa Zaire kuvunja amri ya Mobutu, ile ni kitu cha kusimulia mara mbili.

Ya kwetu yenyewe, kuna Kinshasa Symphony, ya 2010, Wajerumani Claus Wischmann na Martin Baer walifuata orkestra ya Wakimbangisti, yenye Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, aliianzisha 1994. Haielezi kesi ya 1921, inaonyesha watu wa Kinshasa wakipiga Beethoven katika joto na umeme unakatika. Lakini baada ya kusimulia miaka 30 ya gereza, onyesha dakika kumi tu za ile filamu, wajukuu wa mfungwa wako na violini mkononi. Mi nilifanya hivyo mara moja na sikuhitaji kuongeza maneno. Na kama unataka vijana waone sura ya wakati ya Mobutu, Mobutu, roi du Zaïre ya Thierry Michel, 1999, iko na picha nyingi za zamani. We mwenyewe uongeze kwa mdomo kwamba sheria ya mwisho wa 1971 ilipunguza makanisa yenye yanatambuliwa, 1972 majina ya Kikristo yakakatazwa na Kardinali Malula akalazimika kutoka nchini kwa muda, 1974 Noeli ikaondolewa kwenye siku za mapumziko. Wazazi wa vijana wako wengine walibadilishwa majina ile wakati, waulizwe nyumbani.

Picha za kale zaidi ziko Ubeleji: Sonuma inatunza vipindi vya zamani vya televizioni yao, jumba la makumbusho la Tervuren liko na filamu za ukoloni, na KADOC ya Leuven inatunza vitu vya wamisionari. Ni zaidi fasi za kuandikia barua kuliko za kubonyeza na kuona. Lakini wanajibu. Ukiandika kama kikundi, wanajibu zaidi.

Barua yenyewe iwe fupi. Kwa ile ya Groberg, iandike kwa Kiingereza chepesi, uombe mwanafunzi wa Unilu, chuo kikuu ya hapa Lubumbashi, akusahihishie. Weka jina kamili ya filamu na mwaka, wewe ni nani, mji, watu wangapi wataona, kwamba hakuna kiingilio, kwamba ni mara moja, na uombe mambo mawili: ruhusa ya kuonyesha mbele ya watu, na faili ao njia ya kununua disk. Juu hapa wengi wanakosea: kununua DVD kunakupa haki ya kuiona nyumbani kwako na jamaa yako, haikupi haki ya kuionyesha kanisani mbele ya watu mia. Sheria yetu ya haki za watunzi ya 1986 inalinda hivyo hivyo. Watengenezaji wengi wa Marekani wanauza disk mbili tofauti, ya nyumba na ya shule, ya shule ni bei kali lakini ruhusa iko ndani. Kwa kikundi ya vijana wa Katuba bila kiingilio, mtayarishaji anaweza kukuruhusu bure. Mi nimeruhusiwa mara mbili kwa filamu zingine, na barua ya mistari kumi.

Kama uko na ndugu Marekani ao Ulaya, muombe aangalie kwenye WorldCat, ni orodha kubwa ya vitabu na disk za maktaba za dunia, anaandika jina ya filamu, anaona maktaba gani karibu naye inayo. Kule kuna pia Kanopy, filamu za bure kwa mwenye kadi ya maktaba, lakini ni kwa nchi chache tu, kadi ya ndugu yako aangalie yeye kwake akuambie kama inafaa kununuliwa.

Hapa mjini, pita Halle de l'Étoile, kule kwa Institut français. Uliza mtu wa programu, si mlinzi wa mlango. Wako na chumba, mashine, na wanapenda kuona vikundi vinakuja na wazo yake tayari. Kikundi yenye inaitwa Picha, wale wasanii wenye wanatengeneza Biennale ya Lubumbashi, ile maonyesho ya sanaa, wanajua watu wa filamu kuliko mimi. Kwa historia ya makanisa, idara ya historia ya Unilu, na kwa familia ya Kimbangu, nenda kwa Wakimbangisti wenyewe wa parokia ya karibu, ni watu wakarimu sana, wako na wazee wenye kumbukumbu, na wazee hawafungwi kwa zone. Kama una nafasi, tembeza vijana mpaka kwa sinagogi ya mji, imejengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, Wayahudi wengi wa hapa walitoka kisiwa cha Rhodes. Kijana mwenye hajawahi kusimama mbele ya nyumba ya ibada ya dini ingine, neno "uhuru wa dini" kwake ni neno ya kitabu.

Siku ya kuonyesha, usionyeshe filamu nzima kwa mara moja. Kiingereza kitawachosha, na maandishi ya chini ya Kifaransa wengine hawasomi haraka. Chagua dakika 40 ao 50, simamisha kila dakika kumi, mtu moja aeleze kwa Kiswahili, mwenye ameiona mbele mara mbili. Projekta ya kukodisha uijaribishe mchana, na bafle uziweke karibu na watu wa nyuma, si mbele. Petroli ya jenereta ongeza lita mbili juu ya hesabu yako. Mjadala uje kisha, na mzee asipewe maikro ya kwanza, apewe ya tatu, vijana wakishazungumza, ndiyo utasikia kweli.

Kwa hiyo mpango wangu kwako: wiki hii andika ile barua. Wakati unangoja jibu yao, usikae bure, weka jioni ya kwanza tarehe 12 mwezi wa kumi, siku ya kifo cha Kimbangu, na kifungu cha 6 cha Berlin kimeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, hukumu ya Thysville pembeni, kifungu cha 22 cha katiba yetu ya 2006, chenye kinalinda uhuru wa dhamiri na wa dini, upande mwingine, na zile dakika kumi za violini, ukiwaandikia wenye filamu mapema kuomba ruhusa. Disk ya Marekani ikifika ni jioni ya pili. Shuka uipige pasi mbele ya kuitundika, mikunjo inaonekana kwenye sura za watu.